Jinsi ya kubadilisha konstanti za themodinamiki, kutoka metriki kwenda vipimo vya Kiingereza na kurudi

Ukiingia duka la AC pale Kariakoo hakuna anayekuuliza unataka kilowati ngapi, unaulizwa BTU ngapi (British thermal unit, kipimo cha joto, kwa AC huhesabiwa kwa saa): elfu tisa, kumi na mbili, kumi na nane au ishirini na nne. Nchi nzima tunapima kwa kilo, mita na sentigredi ila ubaridi tunanunua kwa kipimo kilichozaliwa na paundi na farenhaiti. Viwandani ni hivyo hivyo, geji ya boila imeandikwa psi (paundi kwa inchi ya mraba), makaratasi ya kompresa iliyotoka Marekani yamejaa Btu na futi, alafu mwanafunzi wa uhandisi anafungua kitabu cha themodinamiki anakuta maswali mengine yako kwa juli na mengine kwa Btu. Kwa hiyo hili jambo sio la mtihani tu, litakufuata mpaka kazini.

Wengi wanadhani shida ni kutojua namba za kubadilishia. Hapana, namba ziko kila mahali, hata simu inazo. Shida ni kwamba konstanti (namba maalumu ya kitu unayoiweka kwenye fomula) haina yuniti moja, ina yuniti tatu nne zimeshikana, mojawapo juu nyingine chini, na karibu kila mara kuna digrii humo ndani. Kilo kwenda paundi kila mtu anaweza. Ila ukipewa "4.1868 kJ kwa kilo kwa kelvini" ukaambiwa uipeleke kwenye Btu, paundi na farenhaiti, hapo ndo watu wanaanza kubahatisha wazidishe au wagawanye.

Namba za kushika kichwani ni chache sana. Futi 1 ni mita 0.3048 kamili. Paundi 1 (wazee wa pwani walikuwa na ratili yao, inakaribia hapo hapo) ni kilo 0.45359237 kamili, na hizi mbili Marekani, Uingereza na nchi kadhaa za Jumuiya ya Madola walikubaliana mwaka 1959 ndo maana hazina mkia usioisha. Btu 1 ni juli 1055.056. Psi 1 ni paskali 6894.757. Paundi ya kani, ile inaandikwa lbf, ni nyutoni 4.44822. Na hatua ya kelvini 1 ni digrii 1.8 za Rankine (°R, skeli yenye hatua za farenhaiti inayoanzia sifuri kabisa, tutaifikia). Basi. Nyingine zote unaziunda mwenyewe kutoka kwenye hizi, na ni afadhali uziunde kuliko kukariri jedwali lenye mistari 60 ambalo siku ya kazi hulikumbuki au unalikumbuka nusu.

Njia yenyewe ni kuzidisha kwa moja. Ukiandika Btu 1 juu na kJ 1.055056 chini, juu na chini ni kiasi kile kile cha nishati, kwa hiyo sehemu nzima ni moja, na kuzidisha kitu kwa moja hakukibadilishi. Unachagua tu ipi ikae juu na ipi ikae chini ili yuniti usiyoitaka ikatane na mwenzake. Tuifanye kwa maji, joto la kupandisha kilo moja digrii moja:

4.1868 kJ/(kg·K) × (1 Btu / 1.055056 kJ) × (0.45359237 kg / 1 lb) × (1 K / 1.8 °R)

Angalia kJ ya juu inakatwa na kJ ya chini, kg ya chini inakatwa na kg ya juu, K inakatwa na K, unabaki na Btu/(lb·°R). Namba: 4.1868 gawanya 1.055056 unapata 3.9683, mara 0.45359237 unapata 1.8000, gawanya 1.8 unapata 1.000. Moja kamili. Na sio bahati, Btu asili yake ni joto la kupandisha paundi moja ya maji digrii moja ya farenhaiti, kama vile kalori ilivyokuwa joto la kupandisha gramu moja ya maji digrii moja ya sentigredi, kwa hiyo maji lazima yatoe 1 pande zote mbili. Hapa unapata zawadi ambayo vitabu vingi vinaipita haraka: joto la aina hii likiwa kwenye kalori kwa gramu kwa digrii, namba ile ile ndo iko kwenye Btu kwa paundi kwa digrii ya farenhaiti, hubadilishi chochote. Hewa 0.240 huku, 0.240 kule. Na kutoka kJ unagawanya tu kwa 4.1868, ukichukua hewa 1.005 kJ/(kg·K) unapata 0.240, mwisho wa kazi.

Sasa naomba usome hapa taratibu maana hapa ndo wanapoangukia wengi, tena watu wenye akili zao. Kwenye ule mstari wa juu hakuna 32 popote. Hamna kujumlisha 32, hamna kutoa 32, hamna 459.67 wala 273.15. Kwa nini? Kwa sababu "kwa kila kelvini" inaongelea hatua ya kupanda, haiongelei mahali ulipo kwenye kipimajoto. Fikiria ngazi mbili zimesimama pamoja, moja imeanzia chini zaidi na vidaraja vyake ni vifupi. Ukitaka kujua daraja la 20 la ngazi hii liko usawa wa daraja gani kule, lazima ujue moja ilianzia wapi, hiyo ndo kazi ya 32. Lakini ukitaka kujua hatua moja ya huku ni hatua ngapi za kule, pa kuanzia hapakuhusu, ni 1.8 tu. Konstanti zote zenye "kwa digrii" zinataka hatua.

Mtu akikosea hapa anasema sentigredi 1 ni farenhaiti 33.8, anagawanya kwa 33.8 badala ya 1.8, maji yake yanatoka 0.053. Na hapo mtu mwenye mazoea ya vitu anashtuka, kwa sababu chuma ni kama 0.11, maana yake maji yangepata moto upesi mara mbili kuliko sufuria ya chuma yenye uzito sawa nayo, na kila aliyewahi kuinjika maji ya ugali anajua sufuria ndo inatangulia.

Kwa sababu hiyo hiyo kelvini na sentigredi zinabadilishana bure kwenye konstanti, na Rankine na farenhaiti vile vile. kJ/(kg·K) na kJ/(kg·°C) ni kitu kimoja. Rankine, huyu alikuwa mhandisi wa Scotland, aliipendekeza skeli yake mwaka 1859, inaanzia sifuri kabisa kama kelvini ila hatua zake ni za farenhaiti. Unaihitaji pale fomula inapotumia halijoto yenyewe na sio tofauti, mfano PV = nRT, ile sheria ya gesi: presha mara ujazo ni moli mara R mara halijoto. Hapo T ya farenhaiti lazima uiongezee 459.67 kwanza. Kwa hiyo kwenye swali moja inawezekana kabisa R uliibadilisha kwa 1.8 bila kujumlisha kitu alafu T ukaijumlishia 459.67, na zote mbili ni sahihi.

Twende kwenye R, konstanti ya gesi, maana hii ndo ina sura nyingi kuliko zote. Tangu Mei 2019 moli na kelvini zilipopewa maana mpya, R ni namba kamili isiyo na wasiwasi wa vipimo vya maabara: 8.314462618 J/(mol·K) kwa tarakimu hizo. Kule kwenye vipimo vya Kiingereza wanatumia moli ya paundi, lbmol, ambayo ni moli za kawaida 453.59237, kwa sababu moli ya kawaida ni ya gramu na paundi ina gramu hizo. Ukisahau hii jibu lako linakosea karibu mara 454, angalau kosa hilo ni kubwa utaliona.

Juli ni sawa na paskali mara mita za ujazo, kwa hiyo anza na 8.314462618 Pa·m³/(mol·K). Gawanya kwa 6894.757 upate psi. Zidisha kwa 35.31467 ambazo ni futi za ujazo ndani ya mita moja ya ujazo (hii nayo unaiunda, 1 gawanya 0.3048 kipeo cha 3, sio 1 gawanya 0.3048 peke yake, chunga sana hapo). Zidisha kwa 453.59237. Gawanya kwa 1.8. Inatoka 10.7316 psi·ft³/(lbmol·°R), na hiyo ndo 10.73 utakayoikuta kwenye vitabu vya watu wa mafuta na gesi. Ukitaka ya Btu, chukua 8.314462618 gawanya 1055.056, mara 453.59237, gawanya 1.8, unapata 1.9859. Ukizidisha hiyo kwa 778.169, futi-paundi zilizo ndani ya Btu moja, unapata 1545.35. Namba tatu tofauti, konstanti moja.

Hakiki usiamini tu. Gesi kwenye sentigredi 0 na presha ya atmosifia 1, moli moja inachukua lita 22.414, hii wote tumeimba sekondari. Upande wa pili: farenhaiti 32 ni Rankine 491.67, atmosifia ni psi 14.696, basi 10.7316 mara 491.67 gawanya 14.696 inatoa futi za ujazo 359.0 kwa lbmol. Sasa lita 22.414 zidisha 453.59 gawanya 28.3168, ambazo ni lita ndani ya futi moja ya ujazo, inatoka 359.0. Zikikutana hivyo unalala usingizi.

Kuna kitu kuhusu 1.9859 kinawachanganya watu. Vitabu vya kemia vinaandika R ni 1.987 kalori kwa moli kwa kelvini, vya uhandisi 1.986 Btu, na kwa lile la zawadi nililosema juu zilitakiwa ziwe namba moja. Mtu anadhani kuna kosa la chapa. Hakuna kosa, ila kalori ziko zaidi ya moja. Ya wakemia ni juli 4.184 kamili, ya majedwali ya mvuke ni juli 4.1868 kamili, na Btu inafuata mama yake, kwa hiyo ipo ya juli 1054.35 na ipo ya 1055.056. Gawanya 8.31446 kwa 4.184 unapata 1.9872, gawanya kwa 4.1868 unapata 1.9859. Tofauti ni ndogo, chini ya moja kwa elfu, haitabomoa boila ya mtu, lakini ukiwa unatafuta kosa kwenye hesabu zako saa sita usiku itakutesa kama huijui. Kwa mashine na mvuke tumia 1055.056. Na ukiitumia hiyo, Btu kwa paundi kwenda kJ kwa kilo inakuwa 2.326 kamili. Hii ya 2.326 ishike vizuri, joto fiche (la kuyeyusha au kuchemsha bila halijoto kupanda) na enthalpi (nishati ya ndani pamoja na presha mara ujazo) zote zinapita hapo: mvuke wa maji 2257 kJ/kg gawanya 2.326 ni 970.3 Btu/lb. Barafu kuyeyuka, kama 334, inakuwa kama 144.

Na hiyo 144 ndo imezaa AC yako. Tani ya Marekani ni paundi 2,000, ukiiyeyusha tani moja ya barafu kwa saa 24 inafyonza 2,000 mara 144, yaani Btu 288,000, gawa kwa saa 24 ni 12,000 kwa saa. Ndo maana fundi anasema AC ya tani moja akimaanisha ya 12,000. Kwa kilowati ni 3.517, na hizo ni kilowati za joto linaloondolewa chumbani, sio umeme unaokula kwenye LUKU, umeme ni mdogo zaidi ya hapo, AC ya namna hiyo mara nyingi inavuta kama kilowati moja hivi. Nawasihi mafundi muwaeleze wateja hili vizuri maana kuna watu wanaogopa kununua wakidhani mashine inavuta kilowati tatu na nusu.

Paundi sasa. Kwenye metriki kilo ni tungamo na nyutoni ni kani, majina tofauti, hayagongani. Huku paundi inabeba kazi zote mbili, lbm ni tungamo na lbf ni kani, na kinachowaunganisha ni kwamba lbf 1 ni lbm·ft/s² 32.174. Ukiiandika kama sehemu, juu na chini ni sawa, ni moja nyingine tu ya kuzidishia kama zile za mwanzo, usiione kama dubwana. Mfano mzuri ni konstanti ya hewa. Metriki ni 287.05 J/(kg·K), na J/kg ni sawa na m²/s². Zidisha kwa 10.7639 (futi za mraba ndani ya mita moja ya mraba) upate ft²/s², gawanya kwa 1.8, unapata 1716.5. Kitabu cha ndege kitakuambia R ya hewa ni 1716, cha mitambo ya joto kitakuambia ni 53.35, na ukigawanya 1716.5 kwa 32.174 unaona zinapotoka: 53.35. Wa ndege wanatumia slagi (tungamo ya lbm 32.174) kama tungamo, wa mitambo wanatumia lbm. Ukichukua 53.35 ukaiweka kwenye fomula ya slagi, densiti inatoka imekosea mara 32.

Nishati ya mwendo nayo ni hivyo. Hewa inayotoka kwenye nozeli kwa futi 1,000 kwa sekunde ina Btu ngapi kwa paundi? 1,000 kipeo cha 2, gawanya kwa 2 mara 32.174 mara 778.169, jibu 19.97. Ukiisahau 32.174 unapata 642.5. Ukiona nishati ya mwendo imekuwa kubwa kuliko enthalpi yenyewe, rudi kaitafute 32.174.

Kwenye mnururisho, yaani joto linalosafiri kama mionzi, kuna konstanti ya Stefan-Boltzmann, 5.670374 × 10⁻⁸ W/(m²·K⁴). Wati 1 ni Btu 3.41214 kwa saa, mita ya mraba ni futi za mraba 10.7639, kwa hiyo 5.670374 mara 3.41214 gawanya 10.7639 ni 1.7975. Alafu kelvini iko kwenye kipeo cha 4, basi na 1.8 nayo iende kipeo cha 4, ambayo ni 10.4976. Jibu 0.1712 × 10⁻⁸ Btu/(h·ft²·°R⁴). Vitabu vingi vimeandika 0.1714, usihangaike nayo, tofauti ni kama moja kwa elfu. Ila ukigawanya kwa 1.8 tupu utakuwa umekosea karibu mara 6, na tanuru lako kwenye karatasi litapoteza joto mara 6.

Kosa lililonifundisha mimi lilikuwa la upitishaji joto. Nikiwa field mwaka wa tatu kwenye kiwanda kimoja nilipewa kazi ya kukadiria joto linalopotea kwenye bomba la mvuke lililovishwa pamba ya kioo, karatasi ya ile pamba ilikuwa ya Kimarekani imeandikwa 0.30. Nikazidisha kwa 1.7307, ambayo inatoa Btu/(h·ft·°F) kwenda W/(m·K), nikapata 0.52. Nikaandika ripoti nzima, nikapendekeza pamba yote ibadilishwe. Fundi mkuu wa zamu, mzee ambaye hakuwa na digrii, akaisoma kimya alafu akaniuliza, mwanangu, hii pamba inapitisha joto kama tofali? Kisha akanipeleka, tukaweka mkono juu ya ile pamba, ilikuwa vuguvugu tu na ndani mvuke wa presha. Niliporudi kwenye karatasi nikaona kilichonipita: Btu·in/(h·ft²·°F). Inchi, sio futi. Wauza pamba kule wanapima unene kwa inchi na eneo kwa futi za mraba, na inchi ikikaa juu futi moja ya chini haikatani nayo mpaka ugawanye kwa 12. Namba sahihi ya kuzidishia ilikuwa 0.1442, jibu 0.043, pamba nzuri tu isiyo na ugonjwa. Tangu siku hiyo siandiki namba bila yuniti zake pembeni, hata kwenye kiganja. Na yule mzee namshukuru mpaka leo kwa kuniuliza kuhusu tofali badala ya kuuliza fomula.

Presha ina mtego wake mmoja na sio wa kuzidisha. Geji ya boila ikisoma psi 150 inamaanisha 150 juu ya hewa inayotuzunguka, wakati jedwali la mvuke linataka presha kamili kutoka kwenye ombwe. Kwa hiyo jumlisha kwanza, 150 na 14.7 ni 164.7, ndo uzidishe kwa 6.894757 upate kPa 1,135.6, na hapo mvuke uko kama sentigredi 186. Ukiingia jedwalini na 150 tupu unasoma kama 181. Hiyo 14.7 ni ya Dar, Tanga, Mombasa, usawa wa bahari. Nairobi ni juu sana, hewa ya kule ni karibu psi 12 tu na maji yanachemka kama sentigredi 94, kwa hiyo geji ile ile kule jumlisha 12.

Tarakimu ngapi ubaki nazo? Katikati ya hesabu acha kalkuleta ibebe zote, usikate kate kila hatua. Mwishoni rudisha ziwe sawa na ile data yako mbovu kuliko zote. Kama geji yako inasomeka mpaka psi 2 hivi, hakuna maana kuandika enthalpi yenye tarakimu saba, hata kama R uliyoanza nayo ilikuwa kamili. Na kabla hujafunga daftari, chukua jibu lako urudi nalo ulikotoka kwa namba zile zile ukigeuza juu chini. Lisiporudi kwenye namba ya mwanzo, anza kuangalia vipeo, futi za ujazo na K⁴, maana mara nyingi kosa linakuwa pale.